Mafuta ya pilipili ya kupika mwenyewe: alizeti ya kukamua au ya dukani?

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena jikoni, leo tuko na chupa mbili hapa mezani, hii mnaiona ilivyo nyekundu? Haya mafuta ya pilipili nimeyapika mwenyewe hapahapa Dodoma, na hii ya pili hapa pembeni, hii iliyofifia ina ukahawia flani, nayo mafuta ya pilipili, pilipili zilezile, sufuria ileile, tofauti ni mafuta tu. Na ndo nataka tuliongelee hilo leo, maana kila mtu anauliza pilipili gani, inawasha kiasi gani, hakuna anayeuliza mafuta gani, wakati mafuta ndo yanafanya kazi yote humu ndani.

Iko hivi. Ule ukali wa pilipili unaitwa kapsaisini, na wenyewe na maji hawaelewani kabisa, unayeyuka kwenye mafuta. Ndo maana ukiwashwa ukanywa maji ni kama umeusambaza mdomo mzima, ila ukishushia maziwa mgando unapata nafuu. Rangi nyekundu nayo hivohivo inayeyukia kwenye mafuta. Sa kama mafuta yenyewe yana shida, shida inaingia kwenye chupa pamoja na ukali na rangi.

Haya, huku kanda ya kati alizeti ndo kwao, Singida, Manyoni, Kongwa, huwezi kukosa mashine ya kukamua. Hii chupa ya kahawia ni alizeti ya mashine, haijasafishwa, na mi nisiwe mnafiki, naipenda sana, ukiifungua ina harufu ya mbegu zilizokaangwa, ukiunga nayo maharage unalamba vidole. Ila kwa mafuta ya pilipili inanyanyasa. Kwanza inawahi kutoa moshi, mafuta ambayo hayajasafishwa yanaweza kuanza kufuka kwenye nyuzi 110 hivi, yale yaliyosafishwa yanapita 200 ndo yaanze, na pilipili kavu ili ikuachie ladha vizuri inataka mafuta kwenye nyuzi 120 mpaka 140. Yaani pilipili hata haijaamka mafuta yako yameshaanza kulalamika. Pili ule uchafu unaotuama chini ya dumu ukiupika unaungua, unaleta uchungu kwa nyuma, unaonja unasema mbona pilipili chungu, kumbe masikini pilipili haina kosa.

Na zile chupa za barabarani, mnazijua, ukiwa unaelekea Singida zimepangwa juani zinang'aa kama dhahabu. Zinavutia kwenye picha. Mi sinunui, mwanga na joto ndo vinaharibu mafuta ya alizeti haraka, yanachacha, ukinusa unasikia kama harufu ya rangi ya mafuta. Kama unataka ya kukamua nenda mashineni, chukua ya siku hiyo, wacha yatulie mpaka uchafu ukae chini, mimina ya juu taratibu, na uyatumie kupikia. Kwenye hii kazi ya leo chukua alizeti iliyosafishwa ya dukani, kampuni yoyote, sitangazi mtu hapa.

Sasa pilipili. Lazima ziwe kavu, kavu ya kuvunjika, ukiikunja ikasema ka! ndo hiyo. Na hapa Dodoma bana kiangazi chetu hiki cha Juni mpaka Oktoba na ule upepo, unaanika kwenye sinia, unafunika neti sababu ya vumbi, zinakauka vizuri tu. Mi natumia pilipili kichaa kwa ukali, nachanganya na zile ndefu nyekundu zisizowasha sana kwa ajili ya rangi, maana ukiweka kichaa peke yake unapata mafuta makali ila yamepauka. Kwa wanaopenda namba, kuna kipimo cha ukali alikianzisha Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili kichaa huwa inahesabiwa 50,000 mpaka 100,000, mbuzi inaweza kwenda mpaka 350,000, ila mbuzi ina nyama na maji mengi, kuikausha ni kazi. Na mbegu siyo ndo kali kama tunavyoambiana, ukali umejaa kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu.

Twanga kwenye kinu, isiwe unga, vipande vipande. Nusu kikombe ya pilipili, vikombe viwili vya mafuta, chumvi kidogo. Bandika mafuta peke yake moto wa kati, yakipata moto epua, subiri kidogo, halafu hapa angalia vizuri, dondosha kipande kimoja tu. Mnaona? Kimezungukwa na vipovu vidogo vidogo, kinacheza juu, bado chekundu, harufu inakuja ya pilipili iliyochomwa kidogo. Hapo ndo penyewe, mwaga zote. Kingekuwa cheusi hapohapo ungesubiri zaidi, na kingezama kimekaa kimya ungerudisha jikoni. Koroga, acha yapoe humohumo mpaka usiku au hata kesho, chuja, weka kwenye chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tone la maji sitaki kuliona.

Kitunguu saumu. Najua mnakipenda na mnaona wengine wanakitumbukiza kibichi kwenye chupa, kinapendeza kweli. Msifanye. Kitunguu saumu kinatoka ardhini na mbegu za bakteria wa botulizimu wanaishi kwenye udongo, ukikizamisha kwenye mafuta hakuna hewa, ndo mazingira wanayopenda, wanatoa sumu na wala hausikii harufu wala ladha. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliumwa kwa kitunguu saumu cha kwenye mafuta kilichokaa bila friji. Kuchemsha kawaida hakuwaui hao. Ukitaka ladha yake tumia ule wa unga mkavu, au pika kidogo weka friji na uyamalize ndani ya siku nne. Haya yangu ya pilipili kavu tupu naweka kabatini kwenye giza, ukiwa na friji ni bora zaidi.

Utumiaji sasa. Haya ni mafuta ya kumalizia, siyo ya kukaangia, ukiyaweka kwenye kikaango cha moto ule mvuke unapanda nyumba nzima mnakohoa na jirani anagonga mlango. Nyunyizia kwenye chipsi mayai ikishatoka, paka mishkaki ikiwa imeshaiva, kijiko kwenye maharage sahanini. Kwenye mlenda na ugali wa uwele, wazee wa Kigogo mnisamehe, ni tamu jamani. Kwenye chai ya asubuhi na chapati hapana, nimeona watu wanafanya, mi sijaelewa.

Chupa nyekundu naipa tisa kwa kumi, hii ya kahawia tano, na hizo tano ni za harufu.

Yale makapi uliyochuja usimwage, yasage na chumvi na karanga zilizokaangwa, weka friji, unapaka kwenye muhogo wa kuchemsha. Na mikono osha kwa mafuta kidogo kwanza ndo sabuni ifuate, kabla hujagusa jicho au hujamvalisha mtoto nguo.