Simu ya mezani ya intaneti hapa Tanga: uzoefu wangu

Kama una ndugu nje ya nchi na nyumbani una intaneti ya waya, chukua. Kama unategemea bando la laini na umeme wenu ni wa kubahatisha, usikimbilie.

Niko Chumbageni, naishi na mama. Kaka yangu anafanya kazi Dubai, na kule kupigiana kwa WhatsApp kumezuiwa: ujumbe unafika, simu haiendi. Ukipiga kwa laini ya kawaida, salio linakwisha mkiwa bado kwenye salamu, na salamu za mama mpaka amalize kuuliza hali za watoto wote ni safari. Kwa simu ya intaneti, sauti inakwenda kwa intaneti mpaka kwa mtoa huduma, naye anaiingiza kwenye mtandao wa kawaida wa kule. Kaka anapokea kwenye namba yake ileile, hahitaji programu yoyote. Namba yetu nilichukua ya Uingereza kwa sababu dada yuko Leicester. Akitupigia anahesabiwa kama kapiga ndani ya nchi.

Kifaa chenyewe ni adapta ndogo: tundu moja la waya wa ruta, jingine la simu ya mezani. Hiyo simu ya mezani ndiyo iliyonivuta kuliko bei. Mama hataki kabisa simu za kupapasa. Hii anainua mkono wa simu, anabonyeza namba, anaongea huku kajikalia zake.

Nilianza na ruta ya laini, 4G. Kupiga kulikubali, kupigiwa kukagoma: dada anasikia haipatikani, sisi tumekaa pembeni ya simu iko kimya. Mitandao ya simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na adapta ikikaa kimya kwa muda, njia ya kuifikia inafungwa. Kwenye mipangilio, muda wa adapta kujisajili upya kwa mtoa huduma ulikuwa sekunde 3600. Nikaweka 60, ikaanza kulia. Huduma kwa wateja walikuwa wananiambia tu nizime niwashe.

Sauti nayo ina mambo yake. Jioni wapwa zangu wakifungua video, mama anauliza, "Huyu mbona anaongea kama yuko kisimani?" Bando halikuwa tatizo. Kwa mfumo wa sauti wa G.711 mazungumzo yanakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, yaani chini kidogo ya megabaiti 80 kwa saa ukijumlisha pande zote mbili. Tatizo ni kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isizidi milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana mnaanza kugongana, "sema wewe", "hapana, sema wewe". Kuhamia G.729, inayotumia kama kilobiti 31, kulipunguza kidogo. Kilichotibu ni kuvuta faiba na kuiambia ruta itangulize simu kabla ya video.

Halafu umeme. Simu ya waya ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48 ndani ya waya uleule, ndiyo maana taa zilizimika na bado uliongea. Hii ukikatika umeme, ruta na adapta vyote chali. Nimeongeza betri ndogo ya volti 12 inayobeba vyote viwili, na gharama hiyo ihesabu tangu mwanzo.

Laini ya mkononi usiitupe. Namba ya Uingereza haikufikishi kwa polisi wa Tanga ukibonyeza 112, wala zimamoto kwa 114. Nimezibandika kwenye simu ya mama ya vitufe, siyo ya mezani.

Ukienda kununua adapta, uliza kwanza kama imefungwa kwa kampuni moja. Za namna hiyo huwa za bei nafuu, lakini ukitaka kuhama mtoa huduma utalazimika kununua nyingine.