Kliniki ya kifua Upanga: daktari nyota tano, mapokezi moja

Baba alianza kubanwa kifua upande wa kulia kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Hospitali ya kwanza, siitaji, walimtoa maji ya kifuani lita moja na ushee wakamwanzishia dawa za TB. Makohozi hayakuonyesha kitu, maji yakarudi, dawa zikaendelea. Miezi minne.

Daktari wa hapa Upanga ndiye wa kwanza kumuuliza kazi aliyofanya ujanani.

"Fundi paa."

"Paa za nini, Mzee?"

"Enzi zetu asbesto, dokta. Tunazikata kwa msumeno wa mkono, vumbi mpaka kwenye kope."

Daktari akaweka kalamu chini. Wakachukua kinyama kwenye utando unaofunika pafu, ikatoka mesotelioma, kansa ya utando huo. Ugonjwa huu mara nyingi huletwa na asbesto na huweza kujificha miaka 20 hadi 50, ndiyo maana unamkuta fundi ameshastaafu na ana wajukuu.

Usiku ule nilisoma kwenye simu kwamba wagonjwa wake huishi kama mwaka. Kesho yake nikamvuta daktari koridoni, Baba asisikie. Akagoma. "Mgonjwa ni Mzee. Twende tukamuulize yeye kama anataka kujua." Baba akataka.

Akachora vijiti kumi na moja nyuma ya fomu ya maabara, akazungushia cha sita. Huo mwaka, akasema, ni wa mtu wa katikati ya foleni. Watano wametangulia, watano bado wapo, na wa mwisho anaweza kuwa mbali sana. Seli za Baba ni za aina ya epitelioidi, ambayo kwa kawaida huenda vizuri kuliko ile ya sarkomatoidi. Dripu ya dawa za kansa ni sisplatini na pemetreksedi kila baada ya wiki tatu. Utafiti uliozijaribu pamoja ulimpa mtu wa katikati miezi 12 badala ya 9 ya sisplatini peke yake. "Miezi mitatu, Mzee. Zaidi ya hapo nitakudanganya." Kuna dawa za kuamsha kinga, nivolumabu na ipilimumabu, ambazo kwenye utafiti mwingine zilifika miezi 18 dhidi ya 14 ya dripu. Bima yetu haizigusi. Baba aliposikia bei alicheka, akasema hicho ni kiwanja Chanika na nyumba juu yake. Upasuaji mkubwa hakutusukumia. Utafiti wa Uingereza haukuona waliopasuliwa wakiishi zaidi.

Baba aliikunja ile fomu akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Bado anayo.

Nesi wa dripu naye ni hazina. Wiki nzima kabla ya dozi ya kwanza alitupigia kukumbusha vidonge vya foliki na sindano ya B12, kwani bila hivyo pemetreksedi inamchosha mtu vibaya.

Mapokezi sasa. Binti anasimama anapaza sauti mbele ya watu thelathini: "Wa kansa ya mapafu nani?" Kwanza si ya mapafu. Pili, mama mmoja aliyekaa karibu na Baba alihama benchi. Majibu ya kinyama nayo yalilala kwenye droo yao siku tatu huku tukiambiwa bado hayajaja.

Dozi nne zimeshaingia kati ya sita, maji hayajarudi, msikitini anakwenda kwa miguu. Kumuona daktari ni elfu hamsini. Nendeni na CD ya picha za CT yenyewe, karatasi ya majibu peke yake anairudisha.