MAX485 kwenye volti 3.3: ipime kabla hujaiamini

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna moduli ndogo ya RS-485, yaani njia ya kupeleka data kati ya vifaa kwa jozi ya waya, inayobeba chipu ya MAX485, ile yenye skrubu za waya upande mmoja na pini nne upande wa pili. Maikrokontrola yako ni ya volti 3.3, chipu inataka volti 5, na kishawishi ni kuilisha 3.3 hiyo hiyo ili kila kitu kitumie umeme mmoja. Msimamo wangu nautoa mapema: mezani itakuitikia, ila usiifunge hivyo kwenye kazi ya kudumu.

Datashiti, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inasema volti 4.75 hadi 5.25. Chini ya hapo mtengenezaji hakuahidi chochote, si kasi, si nguvu ya kutuma, si usikivu wa kupokea. Ikifanya kazi, hiyo ni tabia ya kipande ulichonacho mkononi. Kingine cha aina ile ile kinaweza kukataa, au hicho hicho kikakataa joto likibadilika.

Mbona basi watu wengi wanaona inafanya kazi? Kwa sababu kipokeaji cha RS-485 kinahitaji tofauti ya milivolti 200 tu kati ya A na B, zile waya mbili za laini. Ukiwa na waya mfupi na huna resista za omu 120 kwenye ncha za laini (za kuzuia ishara isirudi nyuma), kitumaji hakina mzigo wowote wa maana, kwa hiyo hata kikiwa dhaifu ujumbe unafika. Funga resista mbili za mwisho, ongeza vifaa, refusha waya upite karibu na mota, ndipo baiti zinaanza kuharibika. Na zinaharibika mara moja moja, jambo linalochosha zaidi kulitafuta kuliko laini iliyokufa kabisa.

Kipimo chenyewe hakihitaji oskiloskopu. Itoe moduli kwenye laini. Umeme ukiwa umezimwa, pima kati ya A na B: moduli nyingi zina omu 120 tayari, kwa hiyo ongeza 120 nyingine upate 60. Sasa washa kwa volti 3.3, peleka DE (pini inayowasha kitumaji) na DI (pini ya data ya kutuma) kwenye umeme chanya, kisha soma volti kati ya A na B. Hamisha DI iende graundi, usome tena, alama itageuka. Kiwango cha RS-485 kinadai angalau volti 1.5 kwenye mzigo wa omu 54, na 60 iko karibu na hapo. Ukipata pungufu upande wowote, chipu imefeli, hata kama programu yako bado inapokea vizuri. Ile nafasi kati ya 1.5 na 0.2 ndiyo akiba ya kulipia waya na kelele, na wewe umeshaanza kuila kabla ya kufunga.

Kuna kitu kingine husahaulika: resista za kutuliza laini wakati hakuna anayetuma. Omu 560 kutoka A kwenda chanya na 560 kutoka B kwenda graundi, kwenye volti 5, zinatoa takriban milivolti 254 juu ya omu 60. Shusha umeme hadi 3.3, unabaki na 168. Hiyo haifiki 200, na kipokeaji kinaweza kuanza kusoma herufi ambazo hakuna aliyezituma. Kwa 3.3 tumia omu 390, upate kama milivolti 236.

Ukitaka kubaki na MAX485, ilishe volti 5. DI na DE zinakubali 3.3 bila shida, kwani kwake volti 2 tayari ni juu, yaani 1. Hatari iko RO, pini ya data iliyopokelewa, inayorudisha karibu volti 5 kwenye pini isiyoziweza. Igawanye: kilo-omu 1.8 kutoka RO hadi pini, kilo-omu 3.3 kutoka pini hadi graundi. Hapa kuwa makini. Ukizima kipokeaji kupitia RE (pini inayokiwasha ikiwa graundi), RO inaachiliwa, na kile kigawanyi kikipambana na resista ya kilo-omu 10 ya moduli inayoivuta RO juu, pini inaona takriban volti 1.1, si juu si chini. Maikrokontrola inaweza kudhani baiti mpya imeanza. Funga RE kwenye graundi moja kwa moja, kisha kwa kuwa kipokeaji kitasikia hata ujumbe wako mwenyewe, kwenye programu tupa huo mwangwi wa ulichotuma.

Ila kwangu bidhaa ya kununua ni moduli yenye MAX3485, SP3485 au SN65HVD75. Hizi zimebuniwa kwa volti 3.3, zinafikisha ile 1.5 inayodaiwa, na zinazungumza na chipu za volti 5 kwenye laini moja. Mpangilio wa pini nane ni ule ule, hivyo mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kubadilisha chipu peke yake. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini ya 8, ile ya umeme. Kagua pia DE: kwenye moduli nyingi inavutwa juu na kilo-omu 10, kwa hiyo maikrokontrola ikiwa bado inaamka, kitumaji kinashikilia laini na kuwafungia wengine wote. Kilo-omu 1 kutoka DE hadi graundi inalimaliza hilo.