Nimehamisha kompyuta ya ofisi kwenye keisi ya lita 7, feni moja ikataka kunitia kichaa

Oyaa wazee, karibuni tena. Leo hakuna intro, kabla sijasema chochote sikilizeni hii. Nanyamaza.

Mmeisikia? Hiyo siyo blenda na wala siyo jenereta la jirani. Hiyo ni kompyuta yangu mpya, na hapo haichezi gemu, iko tu kwenye desktop inanitazama. Nilirekodi hii wiki mbili zilizopita, ukifika mwisho wa vidio utaona ilikuwaje, ila usikimbizie mbele nakuomba, watch time ndiyo inanilisha.

Haya, kwa wageni. Mnazijua zile tawa nyeusi za ofisi zinazoshuka Kariakoo kwa makontena, za mtumba, zimetumika benki huko Ulaya zikachoka zikaletwa kwetu. Mimi ninayo moja tangu miaka mitatu nyuma, nilichukua kwa 380,000, ndani kuna i7-4770, RAM GB 16, na hii ndiyo inayo-edit vidio zote mnazoziona humu. Specs za hiyo prosesa sisomi, ni ya 2013, kila mtu anaijua, kama huijui basi kaka yako anaijua.

Shida yangu ni ukubwa. Geto langu ni chumba kimoja, kitanda, meza, feni la ukutani, basi. Nilikaa na futi kamba nikapima, tawa inakula lita 26, yaani hata dumu la lita 20 ni dogo kwake. Keisi hii hapa mpya, sentimita 27 kwa 20 kwa 13, piga hesabu, ni lita 7 na chenji. Ngoja niiweke pembeni ya dumu la mafuta ya kula la lita 5 mwone. Eh? Inalizidi kidogo tu! Mama alipoiona akauliza redio hii umenunua ya nini.

Sasa, madabodi ya ile tawa haiingii humu, sahau kabisa. Umbo lake ni la kwake mwenyewe, na plagi ya umeme ni ya pini 8 wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. Kwa hiyo nilichohamisha ni prosesa na SSD. Madabodi nimeagiza China ya mtumba, ya saizi ndogo inayoitwa Mini-ITX, chipu ya H81, 140,000. Mraba wa sentimita 17 kwa 17, kama kigae kidogo cha bafuni. Ikaja kwa ndege kwa sababu ni nyepesi, keisi nikaipandisha meli maana mzigo wa ndege wanapima kilo na mimi siyo mtoto wa waziri. Nimesubiri hiyo keisi mpaka nikasahau nilichagua rangi gani. Ni nyeupe. Kwa vumbi hili la kwetu, nyeupe! Sijui niliwaza nini siku ile.

Na hapa kuna kitu nimejipiga mwenyewe. Tawa ya zamani ilikuwa na RAM nne za GB 4 kila moja. Madabodi hii ina nafasi mbili. Nimefungua boksi, nimechomeka, nimewasha, nasoma GB 8, nikadhani nimeuziwa mbovu, kumbe H81 yenyewe mwisho wake ni nafasi mbili na mimi ndiye sikusoma. Nimerudi Kariakoo nikachukua mbili za GB 8, DDR3, elfu hamsini. Zile nne ziko kwenye droo, anayezitaka aje kwenye kamenti tuongee.

Grafiks kadi ni GTX 1650, ya feni moja, fupi, mtumba pia, 320,000. Najua nyie mnaopenda kadi ya AMD, RX 6400, mshaanza kuandika huko chini, tulieni kwanza. RX 6400 ni kadi nzuri kwenye madabodi mpya, ila inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na madabodi, na H81 njia zake kwa kadi ni za kizazi cha pili. Njia nne za kizazi cha pili ni kama GB 2 kwa sekunde kila upande. 1650 inatumia njia zote 16, kwa hiyo kwenye madabodi hii hii inapata kama GB 8. Unaona tofauti? Ni sawa na kumimina maji ya tangi kwa mrija wa soda. Halafu 6400 haina enkoda ya vidio, ile sehemu ya kadi inayobana vidio wakati unarekodi, na mimi narekodi gemu, ningerekodi na nini sasa? Hii 1650 yangu na 6400 zote hazihitaji waya wa ziada wa umeme, hapo wamelingana, yaishe.

Sasa tuje kwenye kelele, kwa sababu hiki ndicho kilichofanya nichelewe kupandisha vidio, siyo uvivu kama yule aliyekamenti juzi.

Pawa saplai ya keisi hizi inaitwa Flex ATX. Hii hapa, ona ilivyo nyembamba, unene sentimita 4. Wati 250, inatosha sana maana prosesa imeandikwa wati 84 na kadi 75. Ila kwa vile ni nyembamba, feni lake haliwezi kuzidi sentimita 4. Feni kubwa linasukuma upepo mwingi likizunguka taratibu, hili dogo ili lipitishe upepo wa maana lazima lizunguke kama lina deni. Halafu sauti yenyewe siyo vuuu, ni iiiiii, nyembamba, inaingia kwenye jino. Nimeweka simu nusu mita na ile app ya kupima sauti, najua simu siyo kipimo cha maabara ila ndiyo niliyonayo, ikasoma desibeli 57. Tawa ya zamani palepale ilisoma 41.

Nikajipa moyo kwamba nitazoea. Nimekaa nayo siku nne. Siku ya nne nimevaa hedfoni narenda vidio, yaani kompyuta inaitoa vidio iliyokamilika, LUKU ikawa inapiga bip bip kuashiria units zinaisha, mimi sisikii, pap, umeme umekata, renda ya saa moja na nusu imeenda na maji. Hapo ndipo nikasema basi.

Nikaagiza feni la Noctua, NF-A4x20, kidude kama kiberiti kimenitoka 55,000 mpaka kufika, na sisemi wamenilipa kwa sababu hawanijui. Nikampelekea fundi wa TV wa mtaani kwetu. Narudia, nikampelekea FUNDI. Pawa saplai usiifungue mwenyewe, mle ndani kuna kapasita zinashika umeme hata ukiwa umechomoa waya, utarushwa mpaka kwa jirani. Akakata plagi ya feni la zamani, akaunga nyaya, akafunika na ile mipira ya joto, dakika ishirini. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nimewasha, kimyaaa. Nikacheza gemu nusu saa, naangalia joto la prosesa, nyuzi 91. Mwanzo ilikuwa inagonga 82.

Nini tena? Ngoja niwaonyeshe nilivyogundua, sogeeni na kamera. Hii ni tishu, nimechana kipande kama utepe. Naishika hapa nyuma ya keisi, kwenye matundu ya pawa saplai. Kama feni limekaa sawa, utepe unatakiwa upeperuke kuja nje, kwangu mimi. Hii ni klipu ya siku ile, angalieni… umeona? Utepe umenatana na matundu! Feni linavuta! Yaani fundi kalifunga kinyume, hewa inaingia kwa nyuma, inapita kwenye pawa saplai, inatoka ya moto inamwagikia prosesa. Nami nilikuwa nimesimama pale pale naangalia na sikuona kitu. Ukilishika feni, upande wenye vile vimikono vinavyoshika mota ndiko upepo unakotokea, liandike hilo mahali.

Fundi akaligeuza bure, akanicheka na soda juu. Na sasa leo, laivu, utepe huu hapa… unapepea. Simu inasoma 38. Prosesa kwenye gemu 81, na ni kwa feni la Intel linalokuja na prosesa kwenye boksi, na ni Dar, mwezi wa kwanza, dirisha liko wazi.

Gemu haraka haraka. GTA V, 1080p, setingi za juu bila kugusa zile za advanced, inacheza kati ya fremu 60 na 75, ukiingia porini kwenye majani inashuka hamsini na kitu. eFootball haina shida. Gemu nzito za sasa hivi GB 4 za memori ya kadi zinajaa, utashusha textures, usije kunilaumu. Na Windows 10 walishaacha kuipa masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 prosesa hii haimo kwenye orodha yao, na leseni ya ile tawa imebaki kwenye madabodi yake ya zamani, kwa hiyo yale maandishi ya pale kona kwenye skrini, yanayodai leseni, mtanivumilia. Najaribu Linux mwezi ujao, wa gemu la Valorant msinifuate huko, haikubali.

Bei jumla, ukiacha tawa yenyewe: madabodi, keisi, pawa saplai, feni, RAM, kadi na mzigo, 805,000. Najua kuna mtu anaandika "bro si ungenunua PS4 ya mtumba", PS4 imetoka 2013 mwaka mmoja na prosesa yangu, wazee wawili hao, ila wa kwangu anaedit na anafanya kazi za watu. Ingawa kusema ukweli, kama unataka mpira tu na washkaji, chukua PS4, sikatai.

Je, ningerudia? Jana ningekwambia hapana. Leo nimeibeba kwenye begi la mgongoni kwenye daladala mpaka kwa dada yangu Mbagala, nimechomeka kwenye TV, watoto wamecheza mpaka saa nne usiku. Kwa hiyo ndiyo, ila ningeanza na madabodi ya chipu ya B85 badala ya H81, na keisi nyeusi.

Tangazo moja, vidio sasa zitakuwa Jumamosi siyo Jumatano, na ile keisi kubwa tupu naigawa, kamenti neno "dumu" nitachagua mtu, uje kuichukua mwenyewe maana sitasafirisha lita 26 za hewa.

Subiri. Mnasikia? Bip… bip… Hiyo ni LUKU. Naisikia! Kompyuta iko inawaka hapa na naisikia! Haya kwaherini, nakimbilia kununua units kabla haijaka