Sanduku la Vichezeo la "Miezi 6 hadi Miaka 12": Kipi Kibaki, Kipi Kitolewe

Masanduku ya vichezeo vya mbao vya mafundi wa jua kali yamejaa Nairobi. Tulilokagua linauzwa shilingi 3,500: mpira mmoja, vikombe viwili, mizani yenye vijiti vinne vya kutundikia kila upande, na mawe yake kumi ya mbao. Umri ulioandikwa kwenye kifuniko usiutegemee.

Tuanze na mpira, maana una hatari ya kumkaba mtoto. Kipenyo chake ni sentimita 3. Unapita ndani ya bomba la karatasi la tishu ya choo bila kukwama. Kanuni za Marekani haziruhusu mpira wa chini ya sentimita 4.4 kwa mtoto ambaye hajafika miaka 3. Weka mkubwa zaidi, ila kikombe kiufunike wote. Mchezo wenyewe ni mzuri: ufiche chini ya kikombe cha kushoto mara kadhaa, kisha uhamishie kulia mtoto akitazama. Wa miezi 8 hadi 12 mara nyingi atafunua kile kile cha kushoto.

Vikombe ndivyo vinavyoudhi. Jaribio la maji la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, linataka vyombo vitatu: viwili vinavyolingana na kimoja chembamba kirefu. Mtoto akubali kwanza kwamba vile viwili vina maji sawa, ndipo ummiminie kimoja kwenye chembamba. Wa PP1 na PP2 (madarasa ya awali, miaka 4 na 5) wengi watasema chembamba kina maji mengi. Sasa humu vikombe ni viwili tu, tena vya mbao, kimo cha maji hakionekani! Tumia glasi za jikoni. Na akikosea usimkaripie. Akikaribia miaka 7 atakwambia mwenyewe kwamba hukuongeza wala kupunguza.

Mizani ndiyo inayostahili pesa. Inyanyue dukani ikiwa tupu: ikilalia upande mmoja, selotepu kidogo upande mwepesi inatosha, lakini tundu la katikati likiwa pana hadi mkono wa mizani unachezacheza, iache hapo hapo. Mawe ya mbao hayalingani uzito, kwa hiyo nunua washa za chuma (vile vipete bapa vinavyowekwa chini ya nati) za saizi moja. Ukihesabu vijiti kuanzia katikati, tundika washa 3 kwenye kijiti cha pili kushoto, 2 kwenye cha tatu kulia, ukiushika mkono wa mizani usiyumbe, kisha uliza kitakachotokea. Wa miaka 5 huhesabu washa tu, atasema kushoto kutashuka. Wa miaka 9 anaona kwamba umbali nao una kazi, ila idadi na umbali vikigongana hubahatisha. Kuzidisha idadi kwa umbali (6 kwa 6, mizani inatulia) huja karibu na ujana, na wengine hawafiki bila kufundishwa.

Kwa hiyo kuikomesha kwenye miaka 12 ni kichekesho. Ongeza uzi, ambao haumo: vipande vya sentimita 25 na 50, washa mwishoni, na mwanafunzi wa gredi ya 7 atafute kinachofanya uyumbe haraka. Wadogo hubadilisha urefu na uzito kwa pamoja, wasijue kipi kimeleta tofauti. Anayebadilisha kimoja tu kila mara atagundua kuwa ni urefu.