Kozi ya briji mtandaoni kwa wanaoanza: uzoefu wangu

Niliwaandikisha vijana wa klabu yetu kwenye kozi hii ya briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, kwa sababu moja tu. Karata walishajua kucheza, ila kumweleza mpinzani maana ya dau (tamko la kwenye mnada kabla ya mchezo) lisilo la kawaida ilikuwa shida. Mazoezi yanafanyika kwenye meza za Bridge Base Online, tovuti ya kuchezea briji, na humo anayeweka dau ndiye anayejieleza: unaandika maana yake, wapinzani wanaisoma, mwenzako haoni kitu.

Somo lililonikosha ni la uru mbili. Mwenzako kafungua moja bila turufu, wewe unajibu uru mbili, kumbe unaonyesha kopa tano au zaidi. Binti mmoja akaandika, "Nina kopa sita na pointi nane." Mwalimu akamkatiza palepale: "Futa. Hakuna aliyekuuliza umeshika nini. Andika mlichokubaliana." Akafuta, akaandika "kopa tano au zaidi", basi. Mwingine akauliza, je, kama hatujakubaliana chochote? Sema hamjakubaliana, usibuni. Na nikitaka kudanganya kwa dau lenyewe? Ruksa, mradi mwenzako naye awe gizani sawasawa na wapinzani. Darasa zima likacheka, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kinachonikera ni kwamba meza ya ana kwa ana imebanwa kwenye somo la mwisho, na huko mambo yamegeuka. Mwenzako ndiye anayetoa taarifa ya dau lako. Uingereza, kwa mfano, kwa ile uru mbili yeye ndiye atakayetamka "kopa". Akikosea, wewe kaza uso, na usitumie ulichosikia. Mnada ukiisha, kama upande wenu ndio wenye mkataba, yaani mmeushinda mnada, unamwita msimamizi na kurekebisha kabla karata ya kwanza haijachezwa. Mkiwa walinzi, mnangoja hadi mchezo uishe. Haya yote kwa saa moja! Matokeo yake, vijana walirudi klabuni wakijitangazia madau yao kwa sauti, na wenzao wakisikia kila kitu. Wapinzani hawakujua wacheke au wamwite msimamizi.

Hata hivyo ningewaandikisha tena. Mwalimu mvumilivu, na mifano yake imetoka mezani kweli. Nyota nne. Ukijiunga, mwombe mapema awapangie zoezi moja la karata za mkononi, mtu wa kushoto akiuliza maswali.