Kengele ya moshi kwa nyumba ya Kigoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwa nyumba nyingi za Kigoma Ujiji jibu ni fupi: nunua kengele inayotambua moshi kwa mwanga, yenye betri ya lithiamu ya miaka 10 iliyofungiwa ndani. Kama hela inatosha moja tu, iende kwenye korido, kati ya sebule na vyumba vya kulala. Usipoipata hiyo kwenye maduka ya Mwanga, soma mpangilio uliopo hapa chini kabla hujaagiza Kariakoo.

Igeuze kwanza

Kabla hujalipa, angalia mgongoni. Yatafutwe maandishi EN 14604, kiwango cha Ulaya, au UL 217, kiwango cha Marekani, pamoja na tarehe ya kutengenezwa au ya kubadilisha. Kengele ya moshi huisha umri ikifika miaka 10 hata kama bado inalia, kwa hiyo iliyokaa dukani miaka minne unauziwa miaka sita. Alama ya CE, ya soko la Ulaya, kwenye kengele hizi huambatana na namba ya tarakimu nne ya taasisi iliyoikagua. CE tupu isiyo na namba itilie shaka. Ukiagiza kwa simu, omba picha ya mgongo, maana picha ya boksi haikwambii kitu.

Kosa kubwa zaidi ni kununua ditekta ya mfumo wa hoteli au ofisi. Kwa sura ni kisahani kilekile cheupe, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Lakini haina betri wala king'ora: imetengenezwa kupeleka taarifa kwenye paneli kwa waya wa volti 12 au 24. Ukiifunga peke yake darini ni pambo tu. Mwombe muuzaji aweke betri na abonyeze kitufe cha kujaribia mbele yako. Kengele halali hutoa angalau desibeli 85 ukiwa umbali wa mita 3, yaani dukani watu watageuka kukuangalia. Isiyo na kitufe hicho, mrudishie.

Mpangilio wetu

*Ya kwanza: ya mwanga, betri ya miaka 10.* Ndani yake kuna kichumba cheusi chenye taa ndogo na kihisi visivyotazamana. Moshi ukiingia hutawanya ule mwanga, kihisi kinauona, kengele inalia. Aina hii ni hodari kwa moshi mzito wa moto unaofukuta: godoro la sponji lililodondokewa na cheche ya dawa ya mbu ya kuchoma, au ekstensheni inayoyeyuka taratibu nyuma ya kochi. Moto wa namna hiyo unaweza kufukuta muda mrefu kabla mwali haujaonekana, na moshi wake unamkuta mtu usingizini. Umeme ukikatika haijali, na betri haiwezi kuazimwa kwenda kwenye kifaa kingine. Kasoro yake ni kwamba mvuke na udi huidanganya. Chagua yenye kitufe cha kunyamazisha kwa muda, kwa kawaida dakika 10 hivi, hasa kama nyumbani mnafukiza kila Ijumaa.

*Ya pili: ya mwanga, betri ya volti 9 ya kubadilisha.* Uwezo ni uleule, bei ya kuanzia ni ndogo. Tia alkalaini, zile za kaboni za bei chee huisha mapema. Tatizo la aina hii ni binadamu. Betri ikichoka, kengele hutoa mlio mfupi kila dakika moja hivi, na mara nyingi huanza alfajiri kwa sababu baridi hushusha nguvu ya betri iliyokwisha kuchoka. Mtu anaamka na hasira, anaichomoa, anarudi kulala, na hapo ndipo ulinzi wa nyumba unapoishia. Badilisha kila mwaka bila kusubiri mlio.

*Ya tatu: za mwanga zinazounganishwa kwa redio.* Ikilia moja, zote zinalia. Kwa nyumba ya ghorofa, au yenye vyumba vya uani ambako watoto wakubwa au wapangaji wanalala, tungeipandisha hadi namba moja. Tumeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu lazima zote ziwe za kampuni moja na za modeli zinazosomana.

*Ya nne: ya umeme wa volti 230 yenye betri ya akiba.* Inamfaa anayejenga sasa, kabla ya plasta. Mwambie fundi umeme aichukulie umeme kwenye saketi ya taa za ndani bila kupitisha kwenye swichi. Saketi ikikatika utajua maana na taa hamna. Isiyo na betri ya akiba usinunue kabisa. LUKU ikiisha saa tano usiku, mshumaa ndio unawashwa, na saa hiyo kengele imekufa.

*Ya tano: ya ayoni.* Ina chembe ya ameriki-241, elementi yenye mionzi, isiyo na madhara ilimradi kifaa hakijavunjwa. Huwahi moto wa mwali mkali kama karatasi, huchelewa kwa godoro linalofukuta. Isitoshe, ukikaanga migebuka kwa mawese italia kila siku hadi mtu aing'oe. Kama unayo tayari, iache iwe nyongeza.

*Ya mwisho: ya waifai inayotuma ujumbe kwenye simu.* Kama king'ora chake kinalia hata bila intaneti, sawa. Kama inategemea ruta, bando na umeme vyote viwepo kwa pamoja, achana nayo.

Jikoni na mkaa ni habari nyingine

Jikoni usiweke kengele ya moshi. Weka ya joto, ambayo kwa kawaida hulia joto likifika nyuzi 58 hivi. Nayo haitoshi peke yake kulinda nyumba, kwa sababu wanaolala huhitaji kuonywa na moshi kabla joto halijapanda.

Jiko la mkaa linaloingizwa ndani wakati wa mvua hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kengele ya moshi haiioni. Inayoiona ni kifaa kingine chenye kiwango EN 50291, na hukaa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko, au chumbani kwenye usawa wa kichwa cha anayelala. Hata ukiwa nacho, jiko lilale nje.

Mahali pa kuifunga

Moshi hupanda, hutambaa darini, kisha hushuka. Katikati ya dari ndipo pazuri. Kaa angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa, mita 1 kutoka kwenye mapanga ya feni, mita 3 kutoka penye kupikia. Kona ambapo ukuta unakutana na dari ina hewa iliyotuama, moshi huchelewa kufika. Ikibidi ukutani, iwe sentimita 15 hadi 30 chini ya dari. Kwenye korido, pasiwe na sehemu iliyo zaidi ya mita 7.5 kutoka kwenye kengele. Ya pili iende sebuleni. Zikipatikana zaidi, kila chumba cha kulala kiwe na yake, ukianzia cha watoto.

Nyumba isiyo na dari, bati tupu juu, inahitaji akili zaidi. Kengele nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 38 au 40, na chini ya bati saa nane mchana joto hupita hapo. Pia tabaka la hewa ya moto chini ya bati huweza kuuzuia moshi mwepesi usifike juu. Kwa hiyo usiibandike kwenye bati. Ifunge kwenye mbao ya kenchi, ndani ya sentimita 90 kutoka kwenye kilele cha paa lakini si kwenye sentimita 10 za juu kabisa, na soma kwenye karatasi ya maelezo kikomo cha joto kabla ya kununua. Kuta za ndani zisipofika juu, moshi wa chumba kimoja huvuka kwenda vingine, na mlio pia huvuka, hiyo ni nafuu.

Kufunga

Unahitaji ngazi, penseli, drili na skrubu mbili. Dari la jipsamu: gonga kwa kifundo cha kidole, panaposikika pazito ndipo palipo na blandaring, yaani mbao zinazoshikilia dari, piga skrubu hapo moja kwa moja. Jipsamu peke yake, skrubu itachomoka siku ya kuisafisha, labda utumie fisha za jipsamu. Ukuta wa tofali au zege: toboa milimita 6 au ukubwa uliotajwa kwenye boksi, tia fisha, kisha kaza kitako. Funika kengele kwa mfuko unapotoboa. Vumbi la jipsamu likiingia kwenye kichumba cheusi, italia bila moto. Zungusha kengele kwenye kitako hadi ikamate. Nyingi za betri ya kufungiwa huwaka kwa kitendo hicho, nyingine zina kiswichi pembeni ambacho watu husahau.

Bonyeza kitufe, kisha rudia milango ya vyumba ikiwa imefungwa na mtu akiwa amelala ndani. Asiposikia, unahitaji nyingine. Jaribu kila mwezi, pangusa kwa brashi laini kila miezi sita, na wakati wa kumbikumbi angalia matundu. Usiipulizie dawa ya wadudu, wala usiipake rangi pamoja na dari.

Madirisha yenye nondo hayatoki mtu, kwa hiyo ufunguo wa mlango uning'inie pale ambapo hata mtoto ataupata gizani. Zimamoto ni 114.

Ikifika miaka 10, usiitupe kwenye shimo la taka mnalochoma. Betri ya lithiamu hulipuka motoni, na ile ya ayoni haipaswi kuvunjwa wala kuunguzwa.